Faili la mke: kutayarisha karatasi za viza ya kumfuata mume Marekani, ukiwa Unguja au Pemba

Mimi nina steshenari Wete. Kazi yangu ni kupiga chapa, fotokopi na kuskani, na miaka hii wateja wangu wengi ni wanawake vijana walioolewa na waume walioko Marekani, mara moja moja mume anayemfuata mke. Huja na bahasha ya kaki, wakaimwaga mezani, wakaniuliza, "Bi mkubwa, vimetimia?"

Vyeti mara nyingi vimetimia. Kisichokuwepo ni maelezo. Afisa atakayelisoma faili lako hajahudhuria harusi ya Kipemba. Hajui kwamba bi harusi hakai msikitini siku ya nikaha, wala hajui kwamba pesa za matumizi huja mkononi mwa shemeji anayerudi likizo. Kwetu hayo hayaandikwi kwa sababu kila mtu anayajua. Basi kazi ya kutayarisha faili, kwa nionavyo mimi, ni kutafuta pale desturi yetu ilipoacha pengo, ukatia karatasi.

Lakini usilipe kitu kabla hujajua kama mlango uko wazi. Tangazo la Rais wa Marekani la Disemba 2025 liliitia Tanzania kwenye orodha ya nchi zilizowekewa vizuizi kuanzia tarehe 1 Januari 2026, na viza za uhamiaji zimo. Matangazo ya namna hii hubadilika, kwa hiyo soma mwenyewe ukurasa wa viza wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani wiki ile ile unayotaka kutoa pesa. Akikutokea mtu akakwambia anayo njia ya kupita pembeni, mwache na njia yake. Hata hivyo nawaambia watu waendelee kutayarisha, maana karatasi za kwetu ndizo zinazokula muda, na cheti kikisharekebishwa leo kitafaa hata mwakani.

Njia ya faili ni hii. Mume anapeleka ombi la fomu I-130 kwa idara ya uhamiaji ya kwao, USCIS. Tangu Aprili 2024 ada yake ni dola 625 kwa mtandao, 675 kwa karatasi. Likikubaliwa, linahamia kituo cha viza kiitwacho NVC. Hapo mnalipa dola 325 za viza na 120 za udhamini, unajaza DS-260, fomu ya maombi ya viza, na mnapandisha vyeti vilivyoskaniwa. NVC wakiridhika, faili linakwenda ubalozini Dar es Salaam nawe unapangiwa miadi. Mume akiwa raia wa Marekani, hakuna foleni ya zamu. Akiwa na grini kadi tu, yaani ruhusa ya ukaazi wa kudumu, mnaingia kundi la F2A, na zamu yenu mnaiangalia kwenye taarifa ya viza inayotoka kila mwezi.

Hapo hapo pana jambo la watoto. Mume raia lazima ampelekee kila mtoto I-130 yake peke yake. Mume wa grini kadi, watoto huingia ndani ya ombi la mama yao. Na kama mtoto ni wako wa ndoa ya mwanzo, atahesabiwa mtoto wa kambo wa huyo mume ikiwa tu mlioana kabla mtoto hajatimiza miaka 18. Nimeona mama anafika mwisho wa safari ndiyo anauliza, "Na huyu je?" Uliza mwanzo.

Majina kwanza, vyeti baadaye

Kabla ya kuskani chochote, chukua karatasi ya daftari uchore jedwali. Upande mmoja andika kila hati: pasipoti, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Mzanzibari, cheti cha ndoa, vyeti vya skuli. Upande wa pili andika jina kama lilivyo kwenye hati hiyo, herufi kwa herufi, na tarehe ya kuzaliwa. Kisha lifanyie hivyo hivyo la mume.

Utashangaa. Huku ni Khamis, kule Hamis. Abdalla na Abdallah. Fatma wa kitambulisho ni Fatuma wa skuli. Salum na Salim ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu kwa msomaji wa mbali hao ni watu wawili. Upande wa mume mara nyingi jina la babu limefanywa la ukoo, au la baba limepotea kabisa, maana fomu za kule hazina pa kutia mtu, baba na babu kama tulivyozoea.

Tofauti ya herufi moja inaweza kuelezwa kwa hati ya kiapo ya wakili, ikitaja maandishi yote mawili na kusema ni mtu mmoja. Tofauti ya jina zima au ya mwaka wa kuzaliwa isifunikwe kwa kiapo. Irekebishwe pale cheti kilipotoka. Na DS-260 inapouliza majina mengine uliyowahi kutumia, yataje yote. Hapo ndipo Fatuma wa skuli anapopata pa kukaa. Kwetu mke habadilishi jina akiolewa, na hiyo haina tabu. Usijitie jina la mume kwenye fomu kwa kudhani ndivyo wanavyotaka.

Fomu pia itauliza tarehe za kuzaliwa za wazazi wako. Wazee wetu wengine watakwambia walizaliwa msimu wa karafuu, mwaka wa mvua kubwa, na hapo wamemaliza. Angalia kitambulisho chao, tumia iliyoandikwa humo, na hakikisha ndiyo ile ile aliyoitia mume kwenye I-130.

Cheti cha kuzaliwa kwa aliyezaliwa Unguja au Pemba kinatoka kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar. Jamaa wa Dar watakwambia nenda RITA. RITA ni ya Bara. Mtu wa Wete hana jalada huko. Kama ulisajiliwa ukubwani, cheti chako kitaonyesha tarehe ya usajili ya juzi juzi, na afisa ana haki ya kujiuliza kwa nini. Fuatanisha na vya zamani: kadi ya kliniki ya mama kama ingalipo, cheti cha skuli ya msingi, barua ya sheha. Cha zamani kina uzito kuliko kiapo cha jana.

Hati yoyote iliyoandikwa kwa Kiswahili ipelekwe na tafsiri ya Kiingereza. USCIS wanataka kila cheti cha I-130 kisichokuwa cha Kiingereza kiwe na tafsiri, basi mkishaitafsiri mara moja itumieni safari yote. Mtafsiri aandike chini kwamba anazijua lugha zote mbili na kwamba tafsiri ni kamili na sahihi, atie jina, saini, tarehe na anwani. Atafsiri kila kitu, pamoja na maneno ya ndani ya mhuri. Asiwe mume wala mke mwenyewe.

Nikaha

Hapa ndipo ninapokaa na mtu muda mrefu.

Cheti cha ndoa kinachotakiwa ni kile cha usajili wa serikali. Karatasi uliyopewa na sheikh siku ya nikaha iweke, ina faida yake, lakini kama ndoa haijasajiliwa, kaisajili kabla mume hajatuma I-130. Angalia pia hali ya ndoa iliyotiwa humo. Mtu aliyewahi kuachwa akiandikwa kigori, faili zima litasimama.

Sasa desturi yenyewe. Nikaha imesomwa msikitini, mume amekaa mbele ya wali, mashahidi wapo, bi harusi yuko nyumbani na shangazi zake. Picha zote za nikaha ni za wanaume watupu. Afisa anazipindua anamtafuta mke, hamuoni. Dawa yake ni picha za mume alipokuja nyumbani siku ile ile kumpa mke mkono, na za siku zilizofuata, mkiwa pamoja na wazee wa pande zote. Kisha andika ukurasa mmoja wa maelezo: akdi ilisomwa msikiti gani, wali alikuwa nani, mke alikuwa nyumba gani, mume alifika lini. Ukurasa huo unafanya kazi kubwa kuliko albamu.

La kuoza kwa wakala ni zito zaidi. Wapo waume wanaoozeshwa wakiwa Columbus au Minneapolis, mtu akapokea kwa niaba yao hapa, na kisheria ya dini mambo yametimia. Sheria ya uhamiaji ya Marekani haimtambui mke wala mume wa ndoa ambayo wawili hao hawakuwa mbele ya mmoja na mwenziwe, mpaka wawe wamekutana kimwili kama mke na mume baada ya akdi. Kwa hiyo mume lazima aje baada ya akdi, akae na mkewe, na ombi litumwe baada ya hapo. Ushahidi wake ni muhuri wa kuingia kwenye pasipoti, tiketi, picha zenye tarehe. Kuja kwake kabla ya akdi, hata akikaa Ramadhani nzima kwenu, hakusaidii jambo hili.

Tena, talaka. Kila ndoa iliyopita, yako na ya mume, inataka mwisho wake kwenye karatasi: cheti cha talaka, au cheti cha kifo. Talaka ya mdomo, ya barua, au ya ujumbe wa simu, ambayo ukoo mzima unaijua, kwa faili ni ndoa ambayo bado ipo. Nenda Mahakama ya Kadhi ukaithibitishe. Angalia tarehe: nikaha mpya iwe baada ya eda kumalizika.

Upande wa mume ndio unaovunja mafaili. Mtu ameoa kule kwa karatasi za jimbo, kisha akaacha kwa kutamka mbele ya imamu, akaja kuoa huku. Mahakama ya Marekani haijui talaka hiyo. Kwao yeye bado mume wa yule wa mwanzo, na ndoa ya Pemba haihesabiki. Kama hukumu ya talaka ya mahakama ya kule ilitoka baada ya nikaha yenu, inabidi muoane upya na ombi lianze upya. Ni aibu kumuuliza mume mambo haya? Muulize. Dai nakala ya hukumu, usome tarehe.

Na mitala, tuseme wazi: mwenye mke mwengine aliye hai asiyeachwa hawezi kumleta mke wa pili. Hakuna barua ya kadhi itakayobadilisha hilo, na kuficha ni kujifungia mlango kwa uongo.

Mmeoana watoto wa ndugu? Ami, mjomba, shangazi? Sema hivyo kwenye maelezo. Ndoa ikiwa halali ilikofungwa, hiyo ndiyo hesabu ya kwanza, lakini majimbo kadhaa ya Marekani yanakataza binamu kuoana, basi mume aulize wakili wa uhamiaji wa jimbo lake kabla, siyo wewe uulizwe dirishani ukashtuka.

Kuonyesha kwamba mnaishi kama mke na mume

Watu huniletea mazungumzo ya WhatsApp ya kuchapa mpaka wino unaisha. Hakuna atakayesoma kurasa mia tatu. Chagua kurasa mbili tatu za kila miezi michache, tangu posa mpaka leo, zenye tarehe na namba za simu zinazoonekana. Mazungumzo ya kawaida ndiyo mazuri: gunia la mchele limefika, mtoto ana homa, ada ya umeme. Ya faragha yaache kwenu. Na hifadhi nakala kabla simu haijaanguka kisimani.

Pesa zipite njia yenye risiti. Najua kumpa jamaa anayekuja ni rahisi na hakukatwi kitu, ila haiachi alama. Mwambie mume kuanzia mwezi huu atume hata kidogo kwa benki au kwa kampuni ya kutuma pesa, jina lako kamili kama la pasipoti.

Picha kumi na tano au ishirini zatosha, nyuma ya kila moja andika tarehe, mahali, na nani ni nani. Za sherehe ya wanawake, kuna wenzio humo hawakujifunika. Waombe ruhusa au chagua nyengine. Stara haimuudhi afisa.

Upande wa udhamini ni kazi ya mume, wewe unahakikisha tu imefika: fomu I-864, rekodi za kodi kutoka IRS, idara ya kodi ya kwao, fomu zake za W-2 za mshahara wa mwaka kutoka kwa mwajiri, na stabu, yaani karatasi za malipo ya mishahara. Kipato chake kifike asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha serikali yao; kwa mwaka 2025, nyumba ya watu wawili ilikuwa dola 26,437. Kisipofika, atafute mdhamini wa pili, raia au mwenye grini kadi anayeishi kule.

Polisi, daktari, boti

Cheti cha tabia njema kinatakiwa kwa kila aliyetimiza miaka 16. Kwa Tanzania kinatolewa na Jeshi la Polisi baada ya kuchukuliwa alama za vidole. Wengi husahau cha nchi nyengine. Ukiwahi kukaa Oman au Dubai miezi 12 au zaidi baada ya kutimiza miaka 16, hata kama ulikuwa kazi za ndani na pasipoti ilishikwa na tajiri, unahitaji cheti cha polisi cha huko. Usiifute safari hiyo kwenye DS-260 kwa kukwepa usumbufu. Mihuri ya pasipoti inasema. Hiki ndicho cha kuanza kukitafuta kwanza, hata kabla NVC hawajakuandikia, kwa sababu huna mkono wa kukisukuma ukiwa Wete. Cha Tanzania kinahesabika kwa miaka miwili.

Uchunguzi wa afya hufanywa na daktari aliyeidhinishwa na ubalozi tu, baada ya kupata miadi. Daktari wako wa Chake Chake hata awe bingwa, karatasi yake haipokelewi. Chukua pasipoti, picha, barua ya miadi, na kadi zote za chanjo ulizonazo, maana chanjo isiyo na kadi utachomwa tena. Kuna picha ya kifua kwa ajili ya kifua kikuu na vipimo vya damu. Ukipewa bahasha iliyofungwa kwa gundi, usiifungue hata kwa pembe.

Sisi wa Pemba tunavuka bahari mara mbili, basi panga daktari na usaili ndani ya safari moja, daktari akitangulia siku za kutosha majibu yatoke. Wakati wa kusi usisubiri boti ya jana yake. Upepo ukizidi boti husimama, na afisa hawezi kuusikia mkondo wa Nungwi.

Picha za viza ni za inchi mbili kwa mbili, nyuma nyeupe, bila miwani, za ndani ya miezi sita. Mtandio unaruhusiwa kwa dini, uso wote uonekane kutoka kidevuni mpaka juu ya paji, na usitie kivuli.

Dirishani

Panga faili hivi: juu barua ya miadi, ukurasa wa uthibitisho wa DS-260 na pasipoti yenye zaidi ya miezi sita mbele. Chini yake vyeti asili, kila kimoja na tafsiri na fotokopi yake. Kisha udhamini. Kisha maelezo, picha, risiti. Kila fungu kwenye bahasha yake, bila stepla. Afisa akisema "cheti cha talaka", mkono wako ujue pa kwenda. Simu iache ulikofikia, haiingii ndani.

Utaapishwa, utachukuliwa alama za vidole. Omba Kiswahili kama Kiingereza chako ni cha kubahatisha. Watakuuliza mlivyojuana, mume anafanya kazi gani, anaishi na nani, ana watoto wangapi, harusini walikuja nani wa upande wake. Yajue, lakini usiyakariri kama dua.

Na mlivyojuana, sema vilivyokuwa. Kama mama yake alikuja kukuposa na wewe ulikuwa humjui ila kwa picha, sema mama yake alikuja kukuposa, ukaeleza mlianza lini kuzungumza na ulikubali kwa nini. Vijana hutunga hadithi ya kukutana Forodhani jua likitua, kwa kudhani Mmarekani ndiyo anayoitaka. Kisha mume kwenye I-130 ameandika kwamba walijuana wazee. Hapo umeharibu jambo la kweli kwa jambo la uongo.

Ukipewa karatasi ya 221(g), usilie hapo. Maana yake kuna kitu wanakingoja, au wanataka kuangalia zaidi. Soma kimetajwa nini, ulete hicho hicho, kwa njia waliyoandika, si kingine.

Viza ikitoka, soma jina na tarehe kabla hujaondoka mjini, ili kosa lirekebishwe ukiwa ungali Dar. Lipeni dola 235 za grini kadi kwa USCIS kabla ya kusafiri. Vyeti asili panda navyo ndani ya ndege, si kwenye begi la kupakiwa, na fotokopi moja ya faili zima ibaki kwa mama. Angalia pia aina ya viza: ukiingia Marekani ndoa haijatimiza miaka miwili utakuwa CR1, na kadi yako itakuwa ya miaka miwili tu. Ndani ya siku 90 kabla haijamalizika mtatuma pamoja fomu I-751, na watataka tena risiti, picha na karatasi zenye majina yenu wawili, kwa hiyo ukifika tu mwambie mume akutie jina lako kwenye mkataba wa nyumba na kwenye akaunti ya benki.